Maua ya kivulini: niliyofunzwa na Nyeri, na yaliyokubali Mombasa

Miaka minne nyuma, mwezi wa sita, mamangu alinipigia simu kutoka Mombasa kwa sauti ya msiba. Nikaketi kwanza kabla ya kuitikia. Kumbe msiba wenyewe ni wa mwasumini. “Mwanangu, asumini hazitoki tena,” akaniambia. “Ua umekuwa giza toka hawa jirani wapandishe orofa ya nane. Jua silioni mpaka nitoke barazani.”

Kwa mtu asiye wa pwani hilo ni jambo la kuchekesha. Lakini sisi tuliolelewa katika nyumba ambazo jioni haikuwa jioni mpaka asumini zitungwe, na ambazo harusi haikuwa harusi bila kikuba cha asumini, mkadi na rehani, twajua kwamba mwasumini ukinyamaza, nyumba nayo yanyamaza. Na mamangu si peke yake. Tangu hapo nimeulizwa swali hilo hilo na jamaa wa Bondeni, wa Tudor, wa Majengo, hata wa Malindi: nyumba za chini zimezungukwa na maghorofa, nyua zimebaki kama visima, na kila kilichopandwa humo kinageuka manjano. Watu wanadhani ni ugonjwa wa mimea. Si ugonjwa. Ni kivuli.

Ninaandika kuhusu kivuli kwa sababu nimekaa nacho miaka mingi. Nilihamishiwa Nyeri nikiwa mwalimu kijana, nikapata nyumba ya mawe yenye mparachichi mkubwa upande mmoja na safu ya migrevilia upande wa pili. Nilikuja na mche wa mwasumini ndani ya kopo la maziwa, nimeupakata kwenye basi kutoka Mombasa kama mtoto mchanga. Nikaupanda karibu na mlango. Haukufa. Ulikaa miaka miwili ukitoa jani moja moja, bila ua hata moja la kusingizia. Mwasumini wataka joto na jua la kutwa, na mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya bahari; ikifika Julai ukungu hushuka asubuhi na jua huonekana kama linaomba ruhusa.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Shosho, nami nikamwita vivyo hivyo. Siku moja alisimama kwenye ua wa michongoma akanitazama nikiumwagilia mwasumini wangu, akasema: “Mwalimu, hiyo maua inalilia kwao. Wewe panda yenye inapenda giza.” Kiswahili chake kilinikwaruza masikio ya mwalimu, lakini maneno yenyewe yalikuwa elimu tupu, na mengi ya haya ninayoyaeleza yalitoka kwake.

Jambo la kwanza alilonifunza ni kwamba kivuli si kimoja. Chini ya mgrevilia jua hupenya kwa vipande, likicheza juu ya ardhi kutwa nzima. Hicho ni kivuli chepesi, na karibu kila ua la kivulini hukifurahia. Chini ya mparachichi uliokomaa ni giza la kweli, na mizizi yake iko karibu na uso wa ardhi, inanyang'anya maji. Hapo hustahimili machache. Chini ya mkaratusi usijisumbue. Mti ule hunywa maji yote, na majani yake yakianguka huzuia mimea mingine kuota. Shosho alikuwa akisema mkaratusi ni mgeni asiyebakisha chakula sahanini.

Halafu kuna kivuli cha ukuta, na hapa ndipo vitabu vya bustani vya Uingereza vinapotupoteza. Vitabu hivyo husema upande wa kaskazini wa nyumba ndio wenye kivuli mwaka mzima. Kwao ni kweli. Kwetu sisi tunaokaa karibu na ikweta jua huhama. Nyeri iko chini kidogo tu ya mstari huo, kwa hivyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia kusini. Kuanzia Septemba hadi Machi mambo hugeuka. Kitalu nilichokiweka kusini mwa nyumba yangu mwezi wa Mei, nikijisifu kwamba nimepata kivuli kizuri, kilichomwa na jua la Januari mpaka majani yakawa kama karatasi iliyopitishwa motoni. Sasa ninamwambia kila anayeniuliza: kabla ya kununua hata mche mmoja, tazama mahali hapo saa sita mchana mwezi wa Juni, kisha utazame tena Desemba. Ikiwa huna subira ya miezi sita, waulize waliokaa hapo zamani.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyonifumbulia kisa cha mamangu. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jengo la orofa nane lenye urefu wa kama mita 24 hutupa kivuli cha mita 12 hivi kuelekea kusini. Ua wetu uko kusini mwa jengo hilo. Desemba kivuli hicho huhamia kaskazini, kwa mwenzetu mwingine. Nilimwambia, “Mama, subiri mwezi wa kumi na mbili utaliona jua la saa sita.” Akaliona. Lakini mwasumini hauwezi kuishi kwa jua la msimu.

Sasa tuje kwenye maua yenyewe. Ninayoyasema ni maua ya kudumu, yaani yale unayoyapanda mara moja yakakaa miaka, si yale ya kupanda kila msimu. Na ninaposema magumu sikusudii ugumu wa Ulaya. Kule mmea mgumu ni ule unaoganda kwenye barafu miezi mitatu na kufufuka. Katika miji ya Mlima Kenya mtihani ni mwingine: usiku wa baridi isiyogandisha, ukungu wa Julai na Agosti unaoozesha majani, halafu kiangazi kikali kuanzia Januari hadi mvua za masika zifike mwisho wa Machi. Sakitu huanguka sehemu za juu tu, kuelekea Kieni na Nyandarua. Hata miji yenyewe haifanani. Embu na Meru ziko upande wa mlima unaopokea mvua nyingi. Nanyuki iko upande wa pili, mlima umeizibia mvua, na ukipanda maua ya kivulini huko uwe na tangi la maji. Rafiki yangu wa Nanyuki alichukua kwangu miche ile ile, kwa utunzaji ule ule, na nusu ilikauka mwezi wa Februari.

Ua la kwanza ambalo Shosho alinipa ni klivia. Asili yake ni misitu ya mashariki mwa Afrika Kusini, na jina lake latokana na ukoo wa Clive, ukoo wa mke wa mtemi mmoja wa Uingereza. Ina majani mapana ya kijani kilichokolea, yamepangana kama mikanda, na katikati hutokeza bua lenye shada la maua ya rangi ya chungwa. Hili ndilo ua la giza. Lililiweza hata shina la mparachichi. Siri zake ni chache lakini ukizikosa utalia. Usiifukie shingo. Pale majani yanapokutana na mizizi pawe juu ya udongo, la sivyo itaoza na utaipoteza kimya kimya. Usiihamishe hamishe, klivia hupenda kubanana, na ile iliyojaa chungu mpaka mizizi inachungulia ndiyo inayochanua zaidi. Na usiibembeleze kwa maji wakati wa baridi. Klivia huhitaji majuma kadhaa ya usiku wa baridi na ukavu kiasi ndipo ipate hamu ya kuchanua. Kwangu ilipumzika Juni na Julai, nami nikaisahau makusudi, na ikatoa mabua Septemba.

Baada ya maua huja matunda mekundu kama ushanga. Mengi hukaa miezi tisa au zaidi kabla ya kuiva. Ukiyamenya utapata mbegu nono. Zioshe utelezi, uzilaze juu ya udongo bila kuzifukia, uweke kivulini. Zitaota, ila utangoja miaka mitatu, minne, hata mitano kabla ya ua la kwanza. Njia ya mkato ni kutenga chipukizi zinazotoka ubavuni, zikishakuwa na majani sita au saba na mizizi yake zenyewe. Tahadhari moja: mmea mzima una sumu. Mbuzi wa jirani alionja jani akaugua siku mbili, na deni la maneno nikalilipa mimi.

Ndugu yake wa karibu, agapanthasi, ndilo lile ua la samawati lenye kichwa cha mviringo unaloliona nje ya mahoteli na makanisa kutoka Karatina hadi Nanyuki. Nalo latoka Afrika Kusini. Sitalisemea sana kwa sababu sio ua la kivuli kizito. Lipe nusu siku ya jua litachanua, lifiche kabisa utapata majani tu. Kila baada ya miaka minne hivi chimbua, pasua kwa jembe, panda upya mvua zikianza. Haliwezi kuuawa kwa urahisi, na hilo ndilo sifa na kasoro yake.

Haidranjia ni kichaka, lakini siwezi kuiacha. Watu wa pwani wakinitembelea Nyeri huniuliza nimeitia rangi gani maua haya mpaka yakawa buluu namna hii. Sikuitia kitu. Udongo mwekundu wa Nyeri, huu unaolea chai na kahawa, una asidi, na katika udongo wa asidi mizizi ya haidranjia hufyonza madini ya aluminiamu ambayo huligeuza ua kuwa buluu. Katika udongo wenye chokaa madini hayo hayapatikani, ua huwa la waridi. Jirani mmoja alikuwa akimwaga jivu la jikoni chini ya haidranjia yake, kisha akashangaa kila mwaka rangi inapauka. Jivu huondoa asidi. Alipoacha, baada ya misimu miwili rangi ikarudi. Haidranjia hunywa maji kama ngamia aliyefika kisimani. Ikikosa hulegea majani saa nane mchana, ukiimwagilia husimama tena kabla ya magharibi. Na usiikate ovyo. Ile ya kawaida hubeba maua ya mwaka ujao kwenye matawi ya mwaka huu, kwa hivyo ukiifyeka yote kwa kuona imechakaa, umeyakata maua ya mwakani.

Pale bomba la jikoni lilipomwaga maji nilipanda aramu, lile ua jeupe lililojikunja kama karatasi ya kufungia bisi. Linapenda miguu yake iwe ndani ya maji. Utomvu wake huwasha mdomo vibaya, kwa hivyo wenye watoto watambaao waliweke mbali. Fuksia nayo, ile yenye maua yanayoning'inia kama vipuli, iliishi vizuri chini ya mgrevilia, japo kila upepo wa Agosti ulinivunjia matawi mawili matatu.

Lakini ua ninalotaka mlijue hasa ni impatiensi. Mmeliona: shina lake lina maji mengi na hukatika kwa kuguswa, majani laini, maua bapa ya rangi nyekundu, pinki, nyeupe au zambarau, na kibuba cha mbegu ambacho kikiiva ukikigusa hulipuka kidoleni mwako. Jina lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni asiye na subira, kwa sababu ya kibuba hicho. Waingereza wamelipa jina la utani la Lizi asiyetulia. Kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa maua ya kivulini yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani. Nilipokuwa nikilinunua kwenye vitalu vya kando ya barabara Nyeri, nililidhani la Wazungu.

Siku moja nikasoma habari zake nikacheka peke yangu. Ua hili ni letu. Asili yake ni misitu yenye kivuli ya upande huu wa mashariki, kutoka kusini-mashariki mwa Kenya kushuka Tanzania hadi Msumbiji na jirani zake. Mbegu zake zilipelekwa bustani ya Kew, London, na John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Unguja, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Sultani wa wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Baadaye ikaonekana kwamba Hooker huyo huyo alikuwa ameshalipa mmea huo jina jingine mwaka 1868, Impatiens walleriana, kwa ajili ya mmishonari Horace Waller aliyeukusanya pande za Zambezi. Sheria ya wataalamu wa mimea ni kwamba jina la kwanza ndilo hushinda. Basi Sultani akavuliwa ua lake. Binafsi ninaona alidhulumiwa, lakini nani ataenda kushtaki?

Kulitunza ni rahisi. Kata tawi la urefu wa kidole, lisimamishe kwenye glasi ya maji dirishani, baada ya wiki mbili lina mizizi. Lipande kwenye udongo uliochanganywa na mboji, mahali ambapo jua la saa sita halifiki. Likirefuka na kuwa na miguu mitupu, likate nusu. Litakasirika wiki moja kisha litachipua upya. Adui yake mkubwa ni ukungu mweupe unaoota chini ya majani. Ugonjwa huo ulizuka Uingereza mwaka 2003, na Marekani mwaka 2011 na 2012 ukafagia bustani nyingi. Ukiuona, usihangaike na dawa. Ng'oa mimea yote, itie kwenye mfuko, itupe mbali, wala usipande impatiensi tena hapo mwaka ule. Na siku zote mwagilia udongo, si majani, tena asubuhi.

Kuhusu udongo sina mengi. Maua ya kivulini mengi ni watoto wa msitu, nayo yanataka kile msitu unachowapa: majani yaliyooza. Kila Jumamosi nilifagia majani ya mgrevilia, si kuyachoma kama wafanyavyo wengi, bali kuyalundika pembeni. Baada ya mwaka chini ya lundo kuna mboji nyeusi yenye harufu ya mvua. Viwanda vya kahawa vya pande zile hubaki na maganda mengi, na mtu akiwa na gunia na maneno mazuri hupewa. Matandazo ya namna hiyo, unene wa vidole vitatu, ndiyo yaliyonivusha kiangazi bila kumwagilia kila siku. Kosa la wageni wengi wa bustani ya kivuli ni maji mengi. Kivulini udongo haukauki upesi. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo ulioganda, rudisha ndoo yako.

Wadudu nao wana kivuli chao. Konokono wasio na gamba ndio walionitesa zaidi, wale wanaoacha njia ya utelezi inayong'aa asubuhi. Shosho alinishauri nizike kibakuli cha pombe ardhini, waingie walewe wafe. Nikamwambia, Shosho, pombe mimi nitaipata wapi, na nikionekana kwa muuza pombe, habari itafika Mombasa kabla yangu. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikajaribu hamira ile ya mahamri, kijiko kimoja kwa maji ya sukari vuguvugu, nikaiacha ichache kwenye bakuli. Asubuhi nilikuta kumi na saba. Kumbe harufu ya hamira ndiyo inayowavuta, si pombe.

Fuko sikumweza. Huyu hula mizizi kutoka chini. Unaona mche umesimama vizuri, kesho umelala, keshokutwa umevutwa wote ardhini. Nyeri kuna wazee wanaojua kumtega kwa kijiti kilichopindwa na kamba, nao hulipwa kwa kichwa. Nililipa vichwa vitatu. Wa nne alinishinda, tukakubaliana kuishi pamoja, yeye upande wa viazi na mimi upande wa vyungu.

Neno moja kuhusu maua ya msituni. Ukipanda kuelekea misitu ya Mlima Kenya au Nyandarua utaikuta impatiensi nyingine, ya rangi nyekundu kama damu, inaota kwenye unyevu kandokando ya njia. Wataalamu huiita Impatiens fischeri, na haipatikani porini ila Kenya. Ni nzuri mno, na nimewaona watu wakiing'oa na kuitia mfukoni. Isikujaribu. Msitu ule ni mali ya umma unaolindwa, mlima wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1997, na zaidi ya sheria, mmea uliozoea baridi na unyevu wa kule juu hufa ukishushwa. Wangari Maathai, mwana wa Ihithe hapo hapo Nyeri, aliandika jinsi mkuyu wa utotoni mwake ulivyokatwa na kijito kilichokuwa karibu nao kikakauka. Huwa namkumbuka kila ninapoona mtu anafyeka kivuli ili apate mahali pa kupanda maua.

Turudi kwa mamangu. Kila likizo nilimshushia miche, kwa matatu hadi Nairobi kisha kwa gari moshi, kikapu mapajani. Safari hizo ndizo zilizonifunza kwamba ua la kivulini la Nyeri si lazima liwe ua la kivulini la Mombasa. Klivia ilifika ikiwa nzuri na bado iko nzuri, majani matupu, miaka minne sasa bila shada hata moja. Itapata wapi usiku wa baridi? Agapanthasi hivyo hivyo. Haidranjia iligeuka manjano mwezi wa pili. Udongo wetu ni wa mawe ya matumbawe, chokaa tupu, na joto likaimalizia. Aramu ilioza. Mamangu alinitazama akaniuliza kama mshahara wangu wote unaishia kwenye majani.

Yaliyokubali ni matatu. Moja ni lile ua la mpira wa moto, linaloota kutoka tunguu na kutoa kichwa chekundu cha mviringo chenye sindano nyingi, wataalamu huliita Scadoxus. Hilo ni la huku huku Afrika, huota porini hata pwani yetu, hulala kiangazi bila jani na kuamka na mvua. Ukiliona limepotea usilichimbue, na usilimwagilie mpaka liamke lenyewe. La pili ni spathifilamu, mmea wa Amerika wenye jani moja jeupe lililosimama kama tanga la ngalawa. Huvumilia giza la ua na joto, mradi apate maji matamu. Na hapa nasisitiza maji matamu, kwa sababu visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi, na chumvi huunguza ncha za majani. Mamangu hukinga ya mvua kwenye pipa na kuyaweka kwa ajili ya maua peke yake.

La tatu ni impatiensi. Nililibeba kutoka Nyeri ndani ya glasi, nikalipanda kwenye kona ambayo hata rehani ilikuwa imekataa, na baada ya miezi miwili kona ile ilikuwa imejaa pinki mpaka mfuniko wa kisima hauonekani. Wakati wa kaskazi hulegea mchana, humwagiliwa, husimama. Nilimweleza mamangu kisa cha Sultani na Hooker. Akasema, “Basi limerudi kwao.”

Wapo wanaoniuliza kuhusu urujuani wa Afrika, ule wa vyungu vidogo vya dirishani. Nao ni wetu. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliupata pande za Usambara mwaka 1892 akapeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata ukapewa jina la ukoo wake. Huku Kenya kuna ndugu zake kwenye mawe ya Cha Simba, karibu na Kaloleni, na wengine kwenye msitu wa Mbololo huko Taita. Wamebaki sehemu chache sana. Ukiutaka, nunua kwenye kitalu, uweke ndani ya nyumba karibu na dirisha lisilo na jua kali, umwagilie kutoka chini kwa kisahani ili majani yasilowe. Hao wa Cha Simba waache walipo.

Na mwasumini? Ule wa zamani, mwenye shina nene kama mkono, hatukuweza kuuhamisha. Tulikata vijiti vitano mvua za masika zilipoanza, tukaviotesha, vitatu vikashika. Kijana wa jirani alitupandishia mapipa matatu ya plastiki yaliyokatwa nusu hadi juu ya paa, tukayatoboa chini, tukayajaza udongo na samadi ya mbuzi. Juu kule jua linafika mpaka saa kumi. Mwezi wa pili uliopita mamangu alinipigia tena, safari hii saa kumi na mbili jioni, na sikusikia hata salamu, nikasikia anahesabu: tisa, kumi, kumi na moja. Alikuwa akizichuma. Ana miaka sabini na sita, na ngazi ile ya paa inanitia wasiwasi kuliko jengo la orofa nane. Nimemwagizia fundi aiwekee mikono ya kushikia.